Kupe Hana Pasipoti

Ndugu msomaji, ukifungua kurasa hizi unategemea hadithi ya mapenzi, au ya jambazi la Manzese, au shairi la mtu aliyeachwa kwenye mataa. Hata mimi nina riwaya yangu. Imeshafika daftari la nne na mhusika mkuu bado hajajua baba yake ni nani. Lakini leo naomba tuiache ilale. Nataka nikusimulie habari za kiumbe ambaye sisi humtaja tunapotukanana tu. Enzi za Azimio la Arusha, lile la 1967, kila mnyonyaji aliitwa kupe. Mpaka leo, ndugu akikaa kwako miezi mitatu bila kuchangia hata chumvi, utasikia watu wakinong'ona: "Huyo kupe." Basi, tumemtumia sana kwenye siasa na kwenye majungu, ila historia yake mwenyewe hatujaiandika. Kumbe anayo, tena ndefu, na kipande kikubwa cha historia hiyo kimepita hapa kwetu Kilosa na Mikumi.

Mimi ni mtoto wa Kilosa. Nilipomaliza kidato cha nne nilihamia Mikumi kwa mjomba wangu, ambaye ana kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Kazi yangu ni kukaanga chipsi na kuosha sahani, na kati ya basi na basi ninaandika. Ukikaa pale wiki moja utaiona dunia ikipita. Kuna mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea. Kuna malori ya Zambia na ya Kongo, na madereva wake wanaongea Kiswahili cha kila rangi. Halafu kuna magari ya watalii yanayoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara hii inaikata katikati kwa kilometa kama 50. Siku moja nilimsikia kijana mmoja anayeongoza wageni akiwaagiza waingize miguu ya suruali ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Wageni wakainama wote kwa pamoja, wakaanza kuchomeka. Mimi nikajiuliza: na sisi je? Miaka yote hii tumevaa kaptula na ndala, nani aliwahi kutuambia tuchomeke nini? Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, na ndilo lililozaa makala hii.

Kwanza tuwatambue wenyewe, maana wako wa namna mbili na Kiswahili kimewapa majina mawili. Wa kwanza ni kupe, yule mwenye gamba gumu mgongoni. Anakaa kwenye majani, anasubiri mnyama au mtu apite, anamdaka kwa miguu yake ya mbele iliyonyooshwa kama ya abiria anayesimamisha basi. Akishashika, anang'ang'ania siku kadhaa bila kushuka. Kwa hiyo yeye husafiri juu ya mwili: wa ng'ombe, wa mbwa, wa mtu. Wa pili ni papasi. Huyu ana ngozi laini iliyokunjamana, na majani hayamhusu. Anakaa ndani ya nyumba, kwenye nyufa za ukuta wa udongo na kwenye vumbi kavu la sakafu. Usiku anatoka, anakunyonya kwa nusu saa hivi, anarudi zake kulala. Asubuhi huna ushahidi. Papasi ana uvumilivu wa kutisha: anaweza kukaa miaka bila chakula, akimngoja mtu arudi. Na akisafiri, hasafiri juu ya mwili bali ndani ya mizigo, kama vile mkeka, godoro, gunia au blanketi lililokunjwa.

Bibi yangu mzaa mama, Mkaguru wa milimani, hakusoma hata darasa moja, lakini hilo alilijua. Mgeni akifika na mkeka wake, Bibi alimkaribisha, akampa maji ya kunywa, kisha akasema kwa upole: "Karibu mwanangu, mkeka wako tuupe jua kidogo." Mkeka ulianikwa, ukakung'utwa, ndipo ukaingia ndani. Sisi wajukuu tulidhani ni adabu za kizee. Sasa nimejua kwamba ile ilikuwa forodha.

Turudi nyuma kwenye njia yenyewe. Kabla ya lami na kabla ya reli, mabonde haya yalikuwa mapito ya misafara ya kutoka pwani kwenda Unyamwezi, Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo akapita kwenye tambarare aliyoiandika Makata. Ndiyo Mkata yetu hii, ambayo sehemu yake leo ni mbuga ya Mikumi. Ilikuwa masika, maji yamejaa, na msafara wake ukateseka vibaya kwenye tope. Watu kama Stanley tunawajua kwa majina kwa sababu waliandika. Waliobeba mizigo yao, Wanyamwezi, Wazaramo, Waswahili wa pwani, walikuwa mamia na maelfu. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa kitambaa, shanga au waya wa shaba kichwani au begani, na juu ya mzigo huo mkeka wake wa kulalia.

Hebu ufikirie mkeka huo, ndugu msomaji. Leo umelala kwenye banda la wapita njia. Kesho umebebwa mwendo wa saa sita, umetandikwa kwenye banda jingine. Mabanda hayo ya njiani yalikuwa na paa la nyasi na sakafu ya udongo mkavu ambao mvua haikuufikia, na kila usiku yaliingiza wageni wapya. Kwa papasi hiyo ni hoteli yenye chakula cha bure. Hakuhitaji hata kutembea, maana chakula kilimjia kwa miguu, na akitaka kuhama, usafiri ulikuwapo.

Wazungu waliolala katika vijumba vya namna hiyo walianza kuugua. Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, alieleza jinsi alivyoumwa na mdudu wa aina hii huko Ambaca, Angola, na maumivu aliyoyapata. Lakini sababu ya ugonjwa haikujulikana kitaalamu mpaka miaka ya 1904 na 1905, na hapo mambo yakaja kwa kasi kama sura za mwisho za riwaya ya upelelezi. Uganda, madaktari Philip Ross na Arthur Milne walitangaza mwaka 1904 kwamba ile homa inayokuja, inaondoka, halafu inarudi, inaletwa na mdudu huyu. Wakati huohuo huko Kongo, vijana wawili kutoka shule ya tiba za nchi za joto ya Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Todd, walikuwa wakifanya majaribio kwa kuwaumisha nyani kwa papasi, ambaye kule anaitwa kimputu. Wote wawili wakaambukizwa. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu chenye umbo la parafujo kinacholeta homa hiyo kikapewa jina lake: Borrelia duttonii.

Kasongo, kama hujui, ulikuwa mji wa misafara, ngome ya watu wa Tippu Tip, mji ambao Kiswahili kilifika kwa njia ileile iliyopita huku kwetu. Lugha yetu ilifika Kongo kwa miguu ya wapagazi. Sasa unaweza kuona kwamba haikusafiri peke yake.

Mwaka huohuo wa 1905, Robert Koch alikuwa hapa. Huyu ni Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na mwishoni mwa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Alisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda bara kupitia Morogoro, akifuata barabara za misafara kuelekea Iringa, wakati reli haijafika huko. Badala ya kuishia kuwapima wagonjwa, alipiga magoti ndani ya mabanda ya wapagazi na kuchimbua vumbi, hasa pembeni ya kuta na kwenye nguzo, na papasi wakatoka. Akawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Akakuta vile vijidudu si kwa papasi wakubwa tu, bali hata ndani ya mayai yao. Maana yake ni kwamba mama huwarithisha watoto ugonjwa. Hata banda likihamwa, papasi wanaoanguliwa humo wanazaliwa tayari na homa tumboni. Aliwakuta pia vijijini, mbali na barabara kuu. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: msilale katika mabanda ya njiani wala kwenye vibanda vya wenyeji, pigeni hema mbali navyo.

Ushauri huo ulikuwa mzuri, na uliokoa watu. Lakini mimi, kama mtu anayejifunza kuandika, nilipousoma nilijiuliza unaongea na nani. Unaongea na mwenye hema. Yule mwenye mkeka alitakiwa alale wapi? Wakoloni walipanga makambi, walipanga njia, walipanga uzito wa mzigo wa kila mtu. Banda la mpagazi lilibaki banda. Yeye alihesabiwa miongoni mwa waletaji wa ugonjwa, na hakuna aliyempigia hema.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na mwaka 1914 ikagota Kigoma. Wapagazi wa masafa marefu wakapungua, lakini mikeka haikupungua, ila ilipanda gari moshi. Mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yalivuta vibarua kutoka kila pembe. Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kilosa, na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi, safari hii kwa lazima. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita hiyo, wengi kwa magonjwa kuliko risasi, na homa ya papasi ilikuwa mojawapo ya magonjwa ya vita hiyo. Majenerali wana sanamu. Mpagazi aliyekufa akitetemeka kwenye banda kati ya Kilosa na Mpwapwa hana hata kijiti.

Sasa tumwache papasi, tumfuate ndugu yake mwenye gamba, kwa sababu yeye alivuka bahari.

Wafugaji wa Kilosa wanaijua ndigana kali. Ng'ombe anavimba tezi chini ya masikio, anapata homa, anapumua kwa shida, povu linatoka puani, anakufa. Inaletwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio la ng'ombe. Kwa asili ugonjwa huu ulikuwa wa nyati, ambao hutembea nao bila kuumwa, hata nyati wa mbuga kama Mikumi. Ng'ombe wa kienyeji waliokulia penye kupe wengi hupata kinga wakiwa ndama, wale wanaobahatika kuishi. Kwa ng'ombe mgeni asiyewahi kukutana nao, ni msiba.

Mwanzoni mwa karne ya 20 msiba huo ulipakiwa melini. Kusini mwa Afrika, sotoka ya mwaka 1896 na miaka iliyofuata, kisha vita ya Waingereza na Makaburu ya 1899 hadi 1902, vilikuwa vimemaliza ng'ombe. Walowezi walitaka mifugo haraka, popote ilipo. Ng'ombe wakanunuliwa kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki na kusafirishwa hadi bandari ya Beira. Kufikia 1902 ng'ombe walikuwa wakifa Umtali na Salisbury, miji inayoitwa leo Mutare na Harare. Mwaka 1903 alialikwa mtaalamu kwenda Bulawayo kuchunguza. Nani? Koch huyohuyo! Alipotazama damu ya ng'ombe wa kule alikumbuka vijidudu alivyowahi kuviona kwa ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897. Ugonjwa ukapewa jina la pwani yetu, na mpaka leo vitabu vya mifugo vya dunia nzima vinauita homa ya Pwani ya Mashariki. Afrika Kusini peke yake ilipoteza ng'ombe zaidi ya milioni 1 kabla ya kuumaliza katikati ya miaka ya 1950. Waafrika wa kule walilazimishwa kuogesha mifugo na kulipia majosho, na mwaka 1914 katika wilaya za East Griqualand wengine waliasi na kuyavunja.

Angalia jinsi jina linavyofanya kazi, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Mnunuzi alitoka kusini, meli ilikodiwa na mnunuzi, haraka ilikuwa ya mnunuzi. Lakini ugonjwa ulipofika uliandikwa jina la mahali walikotoka ng'ombe. Aliyeleta hakutajwa. Alitajwa aliyechukuliwa.

Tena msidhani sisi hatujawahi kuletewa. Yupo kupe wa ng'ombe mwenye asili ya bara la Asia, ambaye wataalamu wanaamini aliingia kusini na mashariki mwa Afrika katika karne ya 19 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, kupitia Madagaska. Leo ameenea Tanzania, na katika maeneo mengi amemsukuma nje jamaa yake wa kienyeji, kama duka kubwa linavyomuua mwenye genge. Ameleta na ugonjwa wake. Lakini hakuna mfugaji anayeuita homa ya Asia. Anaogesha ng'ombe, basi.

Na wale watalii waliochomeka suruali? Wana sababu. Kupe wa Afrika wana kijidudu kinachoitwa Rickettsia africae. Kilipatikana kwa mgonjwa huko Zimbabwe mwaka 1992 na kupewa jina hilo mwaka 1996. Mtu anaumwa na kupe, baada ya siku chache anapata homa, kichwa kinamgonga, na palipoumwa panatokea kidonda cheusi. Utafiti mkubwa wa wasafiri wagonjwa uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa waliorudi na homa kutoka Afrika kusini ya Sahara, homa za kupe za jamii hii zilikuwa za pili baada ya malaria. Dawa ipo, doksisaiklini, na wengi wanapona vizuri.

Wakati mwingine kupe mwenyewe anapanda ndege. Mwaka 2012 Tony Goldberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, alirudi nyumbani kutoka msitu wa Kibale nchini Uganda, ambako huchunguza sokwe. Baada ya siku chache akahisi maumivu puani. Akachukua kioo na tochi, akamtoa kupe mchanga. Hakucheka tu na kumtupa. Alimpima vinasaba, kisha yeye na wenzake wakachunguza picha za karibu za sokwe wa Kibale, wakakuta sokwe kama mmoja kati ya watano ana kupe puani. Kumbe wale kupe wamejifunza kujificha mahali ambapo sokwe hawezi kutolewa kupe na mwenzake. Na pua ya profesa ikavuka mipaka yote, uhamiaji na forodha, bila swali hata moja. Pua moja ya mtu mwenye maabara ikatupatia elimu mpya. Sawa kabisa, sina kijicho.

Nina kijicho cha jambo jingine, na hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi. Katika hao, 528 waliambiwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Soma tena: mia tano ishirini na nane, na kumi na nne. Wengine walikuwa na mambo mengine, na miongoni mwao 36 walikuwa na homa za kupe za jamii ileile inayowapata watalii. Mtalii akiugua kwao Oslo au Chicago, daktari anamuuliza umesafiri wapi, anatafuta kidonda cheusi, anampa doksisaiklini. Mwenyeji, ambaye hajasafiri popote, haulizwi. Anaandikiwa dawa ya malaria, anarudi nyumbani, homa inaendelea, jirani anaanza kuhesabu maadui.

Papasi naye hajaondoka. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali ya Sengerema kuhusu wajawazito waliougua homa ya papasi. Karibu nusu ya mimba zile zilipotea, ama kwa kuharibika ama kwa mtoto kufa karibu na kuzaliwa. Kijidudu alichokufa nacho Dutton mwaka 1905, ambacho kilizungukwa na hadubini za Liverpool na Berlin, miaka 90 baadaye kilikuwa bado kinaua watoto wetu matumboni, ingawa antibayotiki za kawaida kabisa zinakitibu. Mvumi, mkoani Dodoma, siku mbili tatu tu kwa mguu wa mpagazi kutoka milima yetu, walijaribu kupuliza dawa nyumba zenye papasi, na mwaka 1998 wakaripoti kwamba ugonjwa ulipungua kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo inawezekana. Ukuta uliopigwa plasta, sakafu ya saruji, kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, dawa ya kupuliza: si sayansi ya kwenda mwezini.

Kwa upande wa ng'ombe mambo yamesogea zaidi. Chanjo ya ndigana kali ilibuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, enzi Afrika Mashariki ilipokuwa na jumuiya yake ya kwanza na shirika moja la utafiti wa mifugo. Wafugaji wa Kimasai wa nchi hii wamekuwa wakiilipia kwa fedha zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu wameona ndama wao wanaishi. Nilipomwambia mjomba habari hii alicheka akasema, "Yaani ndama ana kadi, mimi sina." Tulicheka wote, kisha tukanyamaza.

Sasa treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, inapita Kilosa na kutoboa milima kwa mahandaki. Safari iliyomchukua mpagazi wiki kadhaa inakwisha kabla chai ya kwenye chupa haijapoa. Mimi naifurahia, nami nitaipanda. Lakini njia ni njia. Kila njia iliyofunguliwa hapa imebeba watu, maneno, mali na wadudu, na kila mara kumbukumbu imeandikwa na yule aliyekuwa na kalamu na hema. Stanley aliandika, Livingstone aliandika, Koch aliandika, Goldberg aliandika. Mwenye mkeka hakuandika. Alimwambia mjukuu wake, na mjukuu akadhani ni adabu za kizee.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, waandishi wenzangu wa madaftari, ni dogo. Tunapenda sana kuandika habari za Dar es Salaam, hata sisi ambao hatujawahi kulala huko zaidi ya siku mbili. Hebu tuulize kwetu. Muulize bibi yako homa zipi zilikuwa na majina kabla zahanati haijaziita zote malaria. Muulize mzee aliyefanya kazi ya mkonge walilala wapi, juu ya nini, na asubuhi waliamkaje. Muulize mfugaji anaitaje kila aina ya kupe. Utashangaa wingi wa majina. Andika jina la mtu, mwaka, na mahali. Na ukienda kumsikiliza mzee huyo ukalala kwake, asubuhi kung'uta mkeka kabla hujaukunja. Ukirudi mjini na homa inayokuja na kuondoka, usikubali kuambiwa malaria kwa kukisia. Mwambie daktari umelala wapi, na umwombe apime damu.